Kidani cha bibi hatukipitishi kwenye mashine

Wateja wengi wakituletea kidani cha zamani cha nyuzi za dhahabu hutuambia, "Fundi, king'arishe kiwe kama kipya." Tukikataa kukitia kwenye mashine ya kung'arisha, wengine huondoka wamenuna. Tunaomba mtusikilize.

Kazi hii ya nyuzi ilistawi mno Misri na Shamu zama za Wafatimi, waliotawala Misri kuanzia 969 hadi 1171. Metropolitan Museum ya New York ina kidani cha Misri cha karne ya 11, hilali ndogo isiyofika sentimita 5, na katikati yake ndege wawili wa enameli, yaani kioo cha rangi kilichoyeyushiwa juu ya madini, wanatazamana. Sonara wa enzi ile aliivuta dhahabu ikawa uzi, akasokota nyuzi mbili pamoja, akazibamiza, kisha akazikunja kuwa majani na mizunguko iliyoacha uwazi wa kupitisha mwanga. Halafu zikaja punje. Hukatwa vipande vidogo vya uzi, huwekwa juu ya mkaa, na moto ukikolea kila kipande hujiviringa chenyewe kikawa duara, kidogo kuliko mbegu ya ulezi. Punje hizo huungwa juu ya nyuzi, moja baada ya moja.

Sasa fikiria brashi ya mashine inapopita hapo. Inaanza kula kilicho juu, yaani punje. Mwaka jana tuliletewa bangili iliyokuwa imeng'arishwa mahali pengine. Ilimetameta kweli, lakini chini ya lenzi kila punje ilikuwa bapa kama kichwa cha msumari. Mwenyewe alipochungulia alinyamaza kimya. Hatukuwa na la kumsaidia.

Sisi tunaosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya nywele. Chenye lulu, feruzi au enameli hatukiloweki, na nyumbani usikipake ndimu wala siki. Kilichokatika tunakiunga kwa lehemu ya dhahabu. Lehemu ya bati na risasi usiikubali kabisa, kwani pambo likirudi motoni risasi huingia ndani ya dhahabu na kuitoboa.

Tunapima uzito mbele yako, kabla na baada ya kazi. Ukija, njoo na kila kilichodondoka, hata punje moja, umekifunga ndani ya kitambaa.