Koma ya ng'ombe imekula meseji zetu

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wanaotuma meseji za jumla, vikundi, saccos, mashule, wenye maduka.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa maziwa huku Rungwe, tuko 300, wengi wana vitochi so WhatsApp haiwafikii. Tulichanga tukanunua meseji 1,000, nikapiga hesabu nikajua hizi ni matangazo matatu na chenji inabaki. Nikaandika tangazo la chanjo ya mapele ngozi kwenye kompyuta, herufi 148, nikalikopi nikatuma. Jioni daktari wa mifugo kahamisha siku, narudi kutuma tangazo la pili naambiwa salio halitoshi, zimebaki 100! Asubuhi watu wamekuja joshoni na mifugo hakuna daktari, mama mmoja katembea na ng'ombe wake wawili tangu alfajiri, nilikosa hata cha kumwambia.

Kumbe meseji moja ni herufi 160 kama umetumia herufi za kawaida tu. Ukiweka emoji, au ile koma ya juu iliyopinda ambayo kompyuta inaiweka yenyewe kwenye neno ng'ombe, meseji yote inahesabiwa kwa herufi 70, na ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67. Zile 148 zangu zikawa vipande vitatu, mara watu 300, ni 900. Koma moja tu jamani.

Waliotuuzia nikawapigia wakasema ndo mfumo ulivyo. Sawa, lakini mbona hamkusema wakati mnapokea hela? Wekeni kabla ya kitufe cha kutuma, kwa Kiswahili, "tangazo hili litakula meseji 900", mtu aamue. Na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nawaomba walisimamie hili.

Wanaohamia WhatsApp nao waulize kwanza. Ile app ya biashara ya kwenye simu ni bure, ila ukiunganishwa na mfumo wa kompyuta wa kutuma kwa wingi, tangu Julai 2025 Meta, wenye WhatsApp, wanachaji kila tangazo la biashara linalomfikia mteja, ila mteja akianza yeye kukuandikia ukamjibu ndani ya saa 24 hulipi.

Kuna mtu kanishauri niandike "ngombe" bila koma yaishe. Sitaki, neno letu linaandikwa hivyo, na ile koma iliyonyooka haina gharama. Naifuta iliyopinda naiandika upya kwa mkono, kila tangazo.

Katibu wa wafugaji, Rungwe