Asante dada mkunga wa stendi ya Buzuruga

Dada yangu, jina lako sikulipata. Ulikuwa ukisubiri daladala pale Buzuruga chupa iliponipasukia kwenye teksi, na kitovu kikatoka kabla ya mtoto. Ukapanda bila kuombwa.

Ulinipigisha magoti siti ya nyuma, kifua chini, makalio juu. Ukachukua glovu kwenye beseni langu la uzazi, ukakiinua kichwa cha mtoto kwa vidole kisikibane kitovu. Mama mkwe alitaka kukirudisha kitovu ndani, ukamwambia kwa upole, “Mama, tusikiguse, mishipa yake itajikaza.” Mkono hukuutoa mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Daktari alinieleza baadaye: kichwa kilikuwa hakijashuka, maji yalipotoka kwa kasi yakakivuta kitovu. Hewa ya mtoto inapita humo. Kikibanwa, dakika chache zinatosha kumdhuru. Sisi wanawake tunaogopa zaidi kitovu kuzunguka shingo, kumbe hicho hutokea mara nyingi na watoto wengi huzaliwa salama. Hiki cha kutangulia ni nadra, ila ndicho cha kukimbizwa hospitali bila kungoja.

Kijana wako anaendelea vizuri, ananyonya kwa nguvu. Mungu akubariki sana, dada.