Risala ya wanakikundi wa bustani za nyumbani, Muheza, kwa Mgeni Rasmi, Afisa Kilimo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kitongoji, wazee wetu na majirani mliofika, shikamooni na karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sisi ni wanakikundi 18, wengi wetu wastaafu na akina mama wa nyumbani. Hatulimi kwa ajili ya soko. Mchicha, nyanya na maua ya nyuma ya nyumba tunayapenda tu, na kila tunachojaribu tunakiandika kwenye daftari la kikundi. Leo tunaomba tulisemee daftari hilo, maana limewahi kututia aibu.

Msimu uliopita mwenzetu alilifungua akakuta dawa ya vidukari: majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, ndoo ya maji, "na sabuni kidogo". Akatia sabuni ya unga, vijiko vitatu. Kesho yake jioni mchicha ulikuwa umebabuka kingo zote, kama uliomwagiwa maji ya moto. Nani kaandika? Mwandiko wa katibu. Katibu kasikia kwa shemeji yake, shemeji kasikia redioni, redio gani hakumbuki. Siku ya tatu ndipo shemeji akakumbuka kuwa ilisemwa sabuni ya mche, iliyokunwa. Neno "mche" lilikuwa limedondoka njiani.

Tangu hapo daftari lina safu mpya: "Nani kasema, wapi, lini?" Kama ni kitabu, taja ukurasa. Kama ni bibi, andika jina la bibi. Wapo walionung'unika kwamba tunajifanya chuo kikuu. Lakini tulipofika kwenye nyanya zinazooza kitako, tulikuta ushauri wa kupiga dawa ya ukungu umeandikwa mara nne, na mara zote nne umetoka duka moja la pembejeo. Kumbe ule si ukungu. Tunda limekosa kalsiamu, mara nyingi kwa sababu mtu anamwagilia leo kisha anasahau siku nne. Muuzaji hatumlaumu, naye ana watoto wa kusomesha. Ila mtu mmoja tulikuwa tunamhesabu kuwa wanne.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hata ua letu la Usambara, lile dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, lina safu yake. Mwaka 1893 Mjerumani Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire aliyelipeleka kwao kutoka huku Tanga. Miaka ya karibuni wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi (yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu) ya Streptocarpus, lakini jina la Wendland bado wanaliandika, ndani ya mabano. Zaidi ya miaka mia moja hawajamsahau, na sisi shemeji wa msimu mmoja alitutoa jasho.

Maombi yetu ni mawili. Vipeperushi vya kilimo vitufikie vikiwa na tarehe na jina la taasisi iliyofanya utafiti, kwani vingi vimetolewa kopi ya kopi hadi kichwa cha karatasi kimekatika. Pia utusaidie tupimiwe udongo pale Mlingano, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Hadi leo tunausifu udongo wetu kwa kuutazama tu.

Na ushauri wowote utakaotupa leo, katibu ataupokea kwa kalamu, pamoja na jina lako na tarehe. Utuwie radhi.

Tunaomba kuwasilisha.