Risala ya Bodi ya Shule, Walimu na Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa Serikali na wa dini, wazazi, walimu na wahitimu wetu,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama. Karibu sana Kilwa. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaitikia wito wa shule ya kata iliyo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, kati ya Somanga na Nangurukuru.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule hii ni tunda la Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Wazazi walisomba mawe na mchanga, Serikali ikaezeka. Leo tunajivunia maabara moja iliyokamilika, matundu mapya ya vyoo vya wasichana, na wahitimu wetu wawili waliopata daraja la kwanza mwaka jana. Kwa shule ya kutwa, haya ni mafanikio makubwa mno, na tunawapongeza walimu wetu kwa dhati.

Historia ya shule hii haitengani na ya barabara. Wazee waliokaa mbele yako wanakumbuka kulala siku kadhaa kwenye foleni ya kivuko cha Rufiji, masika yakiwa yamekolea. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, mita 970, na Kusini ikaunganishwa. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kilitutesa kwa vumbi na tope miaka mingine mingi, hadi nacho kikapata lami. Sasa mtu anatoka Mbagala, anapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, anavuka mto, anashika Somanga na Nangurukuru hadi Lindi na Mingoyo bila kuvua viatu. Tunaishukuru Serikali, na shukrani hii inatoka moyoni.

Lakini lami hiyohiyo ndiyo iliyotuletea jambo lililotufanya tuandike risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kijiji kiko upande wa bahari, shule iko upande wa pili. Karibu kila mwanafunzi unayemwona hapa anavuka barabara kuu asubuhi na jioni. Hakuna zebra. Hakuna tuta. Hakuna kibao cha kumwambia dereva kwamba hapa kuna watoto. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, ila dereva anayetelemka kutoka kwenye kona ile haoni kitu cha kumwonyesha kwamba ameingia kwenye makazi. Basi la Mtwara hupita kama upepo. Malori ya saruji yanafuata. Na mahafali yetu huangukia Oktoba, msimu wa korosho unapofunguliwa, malori yanapokuwa mengi kuliko miezi yote.

Saa kumi na mbili asubuhi, mwalimu wa zamu husimama ukingoni na kitambaa chekundu alichokifunga kwenye fimbo ya mwanzi. Hunyoosha fimbo, hupuliza filimbi, watoto hukimbia wameshikana mikono. Siku ya ukungu kitambaa hakionekani. Mwezi Machi mwaka huu mwanafunzi wetu wa kidato cha pili aligongwa akiwa amebakiza hatua tatu kumaliza kuvuka. Mungu alimnusuru uhai. Yupo hapa leo, safu ya mbele, na magongo yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si jipya. Limesomwa mbele ya wageni rasmi watatu waliokutangulia. Wa kwanza alisema amelichukua. Wa pili alitoa miezi mitatu. Wa tatu alituletea nguzo mbili za kibao, tukapiga makofi na kumvisha mgolole. Nguzo hizo zimeegemezwa ukuta wa stoo hadi leo, zimeshika kutu, na kibao hakijaja. Kwenye ofisi inayohusika tumejibiwa kwamba barabara kuu haiwekwi matuta ovyo. Tunaelewa. Lakini vijiji vingine kwenye barabara hiihii vina vibao vya 50 na matuta, na watoto wao si bora kuliko wetu. Majengo yetu nayo yako nje ya mita 30 za hifadhi ya barabara, hatujamwingilia mtu.

Tunajua kazi ikitakiwa hufanyika. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hii maeneo ya Somanga, mitambo ilifika na mafundi wakakesha mpaka magari yakapita. Sisi hatuombi daraja. Wazee wetu walisubiri kivuko cha mto, wajukuu wao wanasubiri kivuko cha waenda kwa miguu: michoro ya zebra, matuta pande zote mbili, na vibao viwili. Wazazi wako tayari kuchimba mashimo ya nguzo na kutoa kokoto. Rangi ya barabarani na kibali haviko ndani ya uwezo wetu.

Yapo mahitaji mengine, madawati na nyumba za walimu, ila leo tumeamua kuyanyamazia ili hili moja lisikike.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuombi ahadi. Mezani kwako kuna bahasha ya kaki yenye barua ya maombi, nakala tatu, zimegongwa muhuri wa shule. Tunakuomba uisaini kabla ya kugawa vyeti, utaje tarehe wazazi wakiisikia, na jioni tukuombe usimame nasi ukingoni watoto wakivuka kurudi nyumbani.

Tunaomba kuwasilisha.