Vocha za madukani: tupige hesabu pamoja na nauli

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme neno kuhusu vocha, kuponi na pointi ambazo maduka makubwa ya miji yetu huwagawia wanunuzi. Nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba asiyezitumia ni mzembe anayetupa fedha zake. Kwa muda wa miezi sita nilizitumia bila kuruka hata moja, kila risiti nikaihifadhi ndani ya mkebe wa maziwa, na baada ya kuzijumlisha naona kwamba hoja hiyo ni nusu ya kweli, tena nusu ndogo.

Tangazo lililonivutia lilisema kwamba anayenunua bidhaa za shilingi 3,000 atapewa vocha ya shilingi 150 ya kutumia safari ijayo, mradi siku 14 zisipite. Orodha niliyopewa nyumbani ilikuwa ya shilingi 2,600. Ili nifikie kiwango, niliongeza biskuti, sharubati na mkebe wa maharagwe yaliyokwisha kupikwa, vyote kwa shilingi 430 (maharagwe hayo yangali kabatini, maana katika nyumba inayopika maharagwe ya nazi hakuna aliyethubutu kuyafungua). Kisha, kwa kuwa mimi hununua mahitaji ya nyumba mara moja kwa mwezi, ilinibidi nirudi mjini kabla ya siku yangu, kwa nauli ya matatu ya shilingi 120 kwenda na kurudi, ili nikapunguziwe hizo shilingi 150. Faida iliyobaki, hata bila kuhesabu zile shilingi 430, ilikuwa shilingi 30, na mchana mzima ulikwisha kupotea.

Mbinu hii ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Coca-Cola iligawa tiketi za kupewa glasi moja bure kule Marekani, na mwaka 1909 C. W. Post akatoa kuponi ya senti moja kwa wanunuzi wa nafaka yake ya Grape-Nuts. Duka linalotaka kumpunguzia kila mtu hushusha bei kwenye rafu, basi. Vocha hufanya kazi nyingine: humpunguzia yule aliye na wakati wa kuikata, kuitunza, kukumbuka tarehe na kurudi, huku mwenye haraka akilipa bei kamili. Kwa hiyo punguzo hilo tunalilipia kwa muda wetu, na anayeamua kulifuata lazima ajue saa yake moja ina thamani gani.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba wanaohitaji nafuu kuliko wote ndio wasioweza kuifikia. Jirani zangu wengi hapa Kisauni huishi kwa uchumi wa kadogo: sukari robo kilo, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, kwa sababu mapato yao ni ya siku kwa siku. Mtu wa namna hiyo hatazifikisha shilingi 3,000 kwa mkupuo mmoja hata tangazo lipambwe namna gani, ilhali mwenye mshahara na gari huzifikisha bila kujua. Nafuu ya jirani zangu iko kwa mwenye kibanda anayekubali kuandika deni daftarini, na kwa mama mboga ambaye, akishakupimia nyanya, hutupia moja au mbili za nyongeza bila kukuuliza nambari ya simu.

Pointi ni jambo jingine, na hapa nakiri kwamba zina manufaa. Katika duka ninalonunua, kila shilingi 100 huleta pointi 1 yenye thamani ya shilingi 1, na kwa matumizi yetu ya takriban shilingi 14,000 kwa mwezi tunapata shilingi 140 bila taabu yoyote zaidi ya kumtajia keshia nambari. Ila zisilimbikizwe. Niliwahi kuweka pointi 2,300 katika duka jingine nikisubiri sikukuu, duka likafunga milango kabla ya Idi, na nikatambua kwamba nilikuwa nimelikopesha bila dhamana. Vilevile vocha ya unga, sabuni ya kufulia au nepi, yaani vitu visivyoharibika na vilivyokuwamo kwenye orodha tangu mwanzo, inafaa kabisa kwa mtu ambaye duka liko njiani mwake atokapo kazini.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Basi kila tangazo la vocha lionyeshe, kwa herufi zilezile kubwa zinazotaja punguzo, kiwango cha chini cha ununuzi, tarehe ya mwisho, na bei iliyokuwapo kabla ya ofa. Na kila rafu itaje bei kwa kilo au kwa lita, ili tuweze kulinganisha pakiti kubwa na ndogo papo hapo. Hayo yakifanyika, nitakuwa tayari kuanza tena kuweka risiti mkebeni.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa