Supu ya soseji, mwanangu

Nansio, Ukerewe

Mwanangu,

Huku wote wazima. Mama yako kaniambia kwamba tangu uhamie Bugarika, huko Mwanza mjini, chakula chako cha usiku ni chipsi mayai tu, maana ukishashuka daladala na kuupanda ule mlima wa mawe, saa mbili imeshapita na huna hamu ya kuwasha jiko. Sikulaumu. Mimi nimepika melini miaka 19, na usiku wa zamu nilikuwa nalala na mkate mkavu.

Basi siku za kazi pika supu ya soseji. Sufuria moja, dakika 40 hivi, na ukiilia humohumo kwenye sufuria mimi sitamwambia mama yako. Najua watakucheka: mtoto wa kisiwani, kwao sato na sangara, analilia soseji! Waache. Samaki wa kununua saa mbili usiku, hata mwenyewe kasahau alitoka majini lini.

Chukua soseji 4 za ng'ombe, zikate vipande vya unene wa kidole. Mafuta kijiko kimoja. Zikaange mpaka zipate rangi na zigandishe kahawia chini ya sufuria. Kile kahawia ndiyo supu yenyewe. Wengi hudhani pameungua, wakaosha. Zitoe soseji, weka pembeni, mafuta yabaki. Kaanga kitunguu na karoti, halafu kitunguu saumu, halafu nyanya 2. Maji ya nyanya yatabandua ile kahawia, nawe kwangua kwa mwiko. Subiri nyanya zivurugike mpaka mafuta yajitenge. Hapo ndipo vijana mnapokuwa na haraka, supu ikabaki na ule uchachu wa nyanya mbichi.

Viazi mviringo 3, uvikate sawasawa ili viive pamoja, na maji yavipite vidole viwili. Maharage usijisumbue kuchemsha usiku. Kabla hujaanza kupanda mlima wapo akina mama wanaouza yaliyokwisha kuiva. Kikombe kimoja chatosha. Viazi vikilainika, viponde vipande vichache ubavuni mwa sufuria, mchuzi utakuwa mzito bila unga wowote. Kabichi na soseji zije mwisho, dakika 5, kabichi isilegee mno.

Chumvi onja kwanza ndipo utie, maana soseji huja na chumvi yake. Safari moja ya Bukoba niliitia mwanzoni kabisa. Nahodha alikunywa kijiko kimoja, akanitazama, akaomba chai. Hakusema neno. Afadhali angegomba.

Pilipili mbuzi idumbukize nzima, uiangalie isipasuke. (Mama yako hupenda ipasuke. Hilo ni lake.)

Usipike nyingi, friji huna, na supu ya maharage ikilala kwenye joto la Mwanza asubuhi utaikuta inatoa povu. Ikizidi mgongee jirani, hasa yule uliyesema anakuazima ndoo.

Barua hii nimeiweka chini ya machungwa, mtu wa meli ya asubuhi atakupigia akifika bandarini. Kikapu kirudishe. Kile cha kwanza mama yako bado anakiulizia.

Baba yako