Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Sekretarieti ya Ozoni, Gigiri: msitupe ukubwa wa tundu peke yake

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa friji na AC, na kwa vile ofisi yako iko hapo Gigiri, Nairobi, nimeona nikuandikie kwa Kiswahili tu. Jambo langu ni moja. Kila mwaka msimu ukifika tunaambiwa tundu la ozoni kule Antaktika, yaani pale ile gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua inapopungua sana, limefika kilomita za mraba milioni kadhaa, limezidi au limepungua kuliko mwaka jana, basi, habari inaishia hapo. Na ile namba ikija peke yake inatuharibia kazi sisi huku chini.

Manake angalia. 2019 tundu lilikuwa dogo ajabu, lilifika kama milioni 16.4 mwanzo wa Septemba halafu likanywea mpaka chini ya milioni 10, watu wakasema hiyo imeisha, tumepona. Mwaka uliofuata likafika karibu milioni 25 na likakaa mpaka Disemba inaelekea kuisha, wale wale wakasema kumbe huu mkataba wa Montreal, wa kuondoa gesi zinazoharibu ozoni, ni karatasi tu. Sasa mimi niko kwenye ngazi na AC ya R22, gesi ya kupoza yenye klorini inayoharibu ozoni, nimeunga hozi, mashine inanyonya gesi inaingiza kwenye mtungi pole pole, geji inashuka kidogo kidogo, na mwenye nyumba yuko chini ananiuliza fundi si ufungue hiyo vali itoke tumalize, kwani hilo tundu si linazidi kila siku? Namba moja haiwezi kumjibu huyo.

Ukweli ni kwamba kati ya 2019 na 2020 klorini iliyoko juu kule haikubadilika kitu cha maana. Kilichobadilika ni hali ya hewa.

Gesi zetu za zamani, kina R11 na R12, zinachukua miaka kupanda mpaka stratosfia, tabaka la juu la hewa lenye ozoni, huko jua linazivunja na klorini inatoka. Lakini klorini hiyo haili ozoni moja kwa moja, sehemu kubwa inajifunga kwenye haidrojeni kloraidi na klorini naitreti na inatulia tu. Ingebaki hivyo kama si baridi ya Antaktika. Msimu wa giza upepo mkali unalizunguka bara lote, hewa ya ndani haichanganyiki na ya nje, yaani ni kama friza iliyofungwa mlango, na joto likishuka chini ya nyuzi -78 hivi yanajitengeneza mawingu ya asidi ya naitriki na maji, likizidi kushuka yanakuja ya barafu tupu. Juu ya chembe za mawingu hayo ndipo ile klorini iliyotulia inapofunguka. Timu ya mwanasayansi Susan Solomon ilienda McMurdo, kituo cha utafiti cha Marekani huko Antaktika, 1986 kupima, na kemia waliyoikuta ilionyesha njia hiyo hiyo. Tena zile chembe zikiwa nzito zinaanguka na naitrojeni yake, kwa hivyo hata kile ambacho kingeirudisha klorini kifungoni kinaondoka.

Halafu jua linarudi, Agosti, Septemba. Klorini inapasuka, atomu moja inaharibu maelfu ya molekuli za ozoni kabla haijakamatwa tena, na ikifika mwanzo wa Oktoba kati ya kilomita 14 na 20 ozoni inakuwa karibu hakuna kabisa. Kwa hivyo vinatakiwa vyote: klorini, baridi, upepo wa kufungia, na jua. 2019 stratosfia ya kule ilipata joto ghafla, kilomita 20 juu ilikuwa nyuzi 16 zaidi ya kawaida, upepo ukalegea, mawingu yakapungua, tundu likadumaa. Klorini ilikuwepo vile vile! 2020 baridi ikakaza na upepo ukashikilia, tundu likakaa.

Ncha ya Kaskazini ndio inaonyesha wazi zaidi. Kule kuna milima na mabara yanayousukasuka ule upepo, kwa hivyo baridi haidumu na kawaida hakuna tundu la maana, lakini Machi 2020 upepo ulikaza isivyo kawaida na ozoni ikakaribia kuisha kwenye kilomita 18 hivi. Hakuna kiwanda kilichofunguliwa wiki hiyo.

Najua wanaopima ni WMO (shirika la hali ya hewa duniani), NASA ya Marekani, Copernicus ya Ulaya na wengine, si nyinyi. Lakini Septemba 16, Siku ya Ozoni Duniani, nyinyi ndio mnasikika. Naomba kila mkitaja ukubwa wa tundu mtaje na vitu viwili pembeni: joto la stratosfia ya ncha mwaka huo, na kiwango cha klorini kikilinganishwa na kilele chake karibu mwaka 2000. Hiki cha pili ndio kinasema kama mkataba unashika, na kimekuwa kinashuka pole pole, ndio maana ripoti ya wanasayansi wa ozoni ya 2022 inatarajia Antaktika irudi hali ya 1980 karibu 2066. Hata R11 ilipoonekana inavuja upya, taarifa zikatoka 2018 na baadaye ikafuatwa mpaka mashariki mwa China, waliojua ni wapima gesi. Ukubwa wa tundu usingewaambia.

Na mtoe kwa Kiswahili pia, si kwa hisani. Ozoni kwa wingi inatengenezwa juu ya tropiki, juu ya vichwa vyetu huku, halafu mzunguko wa hewa ndio unaisafirisha mpaka kwenye ncha. Puto za kupima ozoni zinarushwa kutoka Nairobi. R22 inabanwa kwetu mpaka 2030, na watakaoshika vali ni mafundi wa Likoni, Gikomba, Kariakoo, Goma. Karatasi moja inatosha, namba tatu na maelezo mafupi, tuibandike karakana na tuwe nayo kwenye simu. Ikija Septemba hii nitaichapisha mwenyewe na kuwagawia wenzangu.

Wako,
Fundi wa friji na AC, Mombasa